Jua limetoka leo, nimeanika kila kitu, lakini mwasumini wa mama umegeuka njano. Ni nini hiki?

#1 BintiMwembeshauri (Jumamosi, saa 4:10 asubuhi)

Assalaam alaykum.

Huku mjini leo jua limetoka kamili, la mwanzo tangu masika yaanze. Nimetoka uwani baada ya sala ya alfajiri nikaona mbingu imetakata, nikajua leo hapana kukaa. Hadi saa hizi magodoro mawili yako juu ya ukuta, mito ya sufi nimeitandaza jamvini, shuka zimejaa kamba mbili, mchele uko juani kwenye ungo kwa sababu ya fukusi, na kabati la nguo liko wazi milango yote litoe uvundo. Watoto wamefagia ua kwa chelewa na kumwaga kila kifuu na kila kopo lililojaa maji ya mvua.

Ndipo nikaufikia mwasumini. Huu ni wa marehemu mama. Si ule wenyewe, ni tawi nililolikata kwake kabla nyumba ile haijauzwa. Mama jioni alikuwa akikaa barazani na sinia la asumini, mrihani na kilua, anatunga vikuba huku anatusimulia, na usiku nyumba nzima inanukia. Mwezi wa nne mwasumini wangu ulikuwa kijani kibichi. Leo ni njano, ukiugusa majani yanapukutika. Mdudu simwoni. Maji sikuumwagilia hata kata moja, mvua ilitosha.

Umepandwa nyuma ya nyumba, hatua moja kutoka ukutani. Ni nini hiki? Na nifanye nini leo leo, maana jua hili sijui kama kesho litakuwepo.

#2 JembeLaMpini

Wa alaykum salaam. Maji hayo. Mizizi inahitaji hewa, na udongo ukishiba maji wiki mbili tatu hewa haina pa kupita, mizizi inaoza. Mzizi uliooza haulishi jani hata ukae ndani ya maji. Chimbua kidogo pembeni ya shina, kama kiganja kwenda chini, uchukue udongo uunuse. Ukinuka kama tope la mikokoni, jibu unalo. Pasua mfereji maji yatoke, basi.

#3 MkulimaBumbwini

Mie naona ni njaa. Mvua za masika zinaosha rutuba, hasa naitrojeni, inazama chini mizizi isikofika. Sisi wenye udongo wa kichanga tunaliona kila mwaka: mchicha unatoka masika umepauka kama mgonjwa. Mpe samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, karai moja, na jivu la jikoni konzi mbili tatu. Baada ya wiki tatu utanishukuru.

#4 FundiWaChokaa

Ndugu namba 3, samadi sawa. Lakini jivu usimpe mtu kabla hujamuuliza ukuta wake umepakwa nini. BintiMwembeshauri, ukuta huo ni wa nini?

#5 BintiMwembeshauri

Ni nyumba ya zamani, ya mawe. Tuliipaka chokaa upya nje kote kabla ya Ramadhani.

#6 FundiWaChokaa

Basi niruhusu niseme kwa urefu, maana kazi yangu ni nyumba hizi.

Chokaa ndiyo inayozifaa nyumba za mawe. Jiwe la matumbawe na chokaa vinavuta unyevu na kuutoa, ndiyo maana leo jua likipiga utaona ukuta unakauka mabaka mabaka. Wanaokuja na saruji juu ya ukuta wa zamani wanaufungia unyevu ndani, na miaka michache tu boriti za mikoko zinaanza kuoza vichwa pale zinapoingia ukutani. Hilo nimeliona mara nyingi na linanisikitisha kila mara. Kwa hiyo kupaka chokaa umefanya vyema.

Lakini chokaa mpya ikipigwa na masika inashuka. Unga wake unaingia kwenye udongo wa chini ya ukuta, na hapo mwasumini wako una hatua moja tu. Udongo ukizidi chokaa, madini ya chuma yamo lakini mmea hauwezi kuyachukua, kama mtu mwenye chakula mezani na mdomo umefungwa. Jivu nalo tabia yake ni hiyo hiyo ya chokaa, linaongeza tatizo.

Namna ya kujua: chuma kikikosekana, majani machanga ya juu ndiyo yanayogeuka njano, na mishipa yake inabaki kijani, unaiona kama ramani. Naitrojeni ikikosekana, kama asemavyo wa Bumbwini, njano inaanza kwa majani makongwe ya chini na jani linapauka lote. Nenda kaangalie utuambie.

#7 MkulimaBumbwini

Hapo kwenye jivu nimekubali, sikujua habari ya ukuta. Kwa njaa bado nipo.

#8 Ughaibuni_Leicester

Salaam kutoka Uingereza. Nimesoma namba 1 nikaona kama niko uwani kwetu Jang'ombe. Huku siku ya kwanza ya jua la machipuko, mwezi wa tatu au wa nne, utawaona watu wanafanya hayo hayo: madirisha yote wazi, mablanketi nje, kila mtu na kijembe chake anapanda maua, jirani ambaye hukumwona tangu Novemba anakusalimia. Mwaka wa kwanza nilidhani kuna sikukuu.

Mie nina mwasumini mmoja kwenye chungu, ndio ninaozungumza nao Kiswahili. Ushauri wangu: utazame upande wa kusini wa nyumba. Huku kila mtu anakwambia mmea unaopenda jua uuweke ukuta wa kusini, ndiko jua liliko siku nzima. Huenda wako uko upande wa kivuli.

#9 NahodhaMstaafu

Ughaibuni, mwanangu, huko kwenu ni kweli. Huku ni kinyume, na hasa mwezi huu.

Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua limekwenda kaskazini hadi nyuzi 23 na nusu upande wa pili wa ikweta. Kwa hiyo hata mchana wa jua kali haliko utosini, limeinamia kaskazini karibu nyuzi 30. Linachomoza kaskazini kidogo ya mashariki na kutua kaskazini kidogo ya magharibi. Ukuta unaotazama kusini mwezi huu hauguswi na jua kutwa. Jua lilitupita utosini mwanzoni mwa Machi likenda zake, na litarudi utosini mwanzoni mwa Oktoba.

Piga hesabu: ukuta wa mita 3, kivuli chake mchana kati kinafika karibu mita 1.7 upande wa kusini. Hatua moja kutoka ukutani imo ndani ya kivuli.

Binti, mgongo wa nyumba yako unatazama wapi?

#10 BintiMwembeshauri

Ami, unatazama kusini. Kibla kiko mbele, nyuma ni kusini kabisa. Subhanallah, nimeishi hapa miaka 11 sikuwahi kuliwaza hili. Na ndiyo maana kamba ya nyuma shuka hazikauki kipupwe!

#11 NahodhaMstaafu

Hamisha kamba uipeleke mbele mpaka Oktoba.

#12 Mpemba_wa_Wete

Nyie wa Unguja jua likitoka mnalitumia kwa magodoro na maua. Huku Pemba jua la leo ni la majamvi. Karafuu mwezi ujao zinaanza kushuka, inshallah, na jamvi lililokaa ghalani masika yote lina ukungu, ukimwaga karafuu juu yake umeziharibu. Tangu asubuhi tumetoa majamvi 14, tumeyapiga fimbo, tumeyasugua, yako uwanjani yanameta. Wake zangu wawili kila mmoja ana upande wake na hawataki nisogee.

Kwa wasiojua: karafuu mbichi kilo 3 zikikauka zinabaki kama kilo 1, na zinataka jua siku tatu hadi tano mfululizo. Siku moja ya mvua katikati ikikukuta hukuzianua, rangi inapotea na bei nayo. Kwa hiyo mwenzenu nikiona wingu mie roho inapaa.

Pole kwa mwasumini, dada. Kwetu tunaambiwa mmea wa marehemu haupandwi chini ya dirisha la nyuma. Sababu sijaambiwa.

#13 Shoga_wa_Mpendae

Yakhe Mpemba, majamvi 14 ndiyo umeyahesabu, jasho la wake zako je? 😂

BintiMwembeshauri, mchele utoe juani. Jua kali linaupasua, ukiupika unakuwa chenga tupu. Fukusi wanakimbia hata kivulini penye upepo, pepeta tu na uurudie mara mbili. Na hao kunguru umewawekea mlinzi? Mie wiki iliyopita waliniondolea sabuni, na kijiko cha mtoto.

#14 BintiMwembeshauri

Ahsante, nimeshautoa. Kunguru wako juu ya mnazi wanatazama. Mwanangu mdogo ndiye mlinzi, ana kopo na fimbo na kazi ameipenda kupita kiasi.

#15 Skuli_ya_Viumbe

Kunguru hawa si wetu. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi ili wasaidie kula taka za mji. Wakala taka, wakahamia kwenye vifaranga na mayai ya ndege wadogo.

Lakini nimekuja kwa jambo jingine. Umesema watoto wamemwaga maji ya makopo na vifuu. Kumwaga hakutoshi. Yule mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kuleta homa ya dengi, anataga mayai kwenye ukingo wa chombo juu kidogo ya maji, na mayai yanastahimili ukavu miezi. Mvua ya vuli ikijaza kopo lile lile, yanaanguliwa. Makopo yasuguliwe kwa brashi, vifuu vichomwe au vifukiwe. Nasema hivi kwa sababu mdogo wangu alilazwa siku 6 kwa homa hiyo, na chanzo tulikikuta nyuma ya jiko letu wenyewe: tairi moja kuukuu.

#16 JembeLaMpini

Pole sana, Skuli. Hilo la kusugua nilikuwa silijui.

Turudi kwenye mwasumini. Nahodha, hesabu yako nzuri, lakini kivuli peke yake kinaufanya mmea urefuke na upunguze maua, hakiupukutishi majani hivi. Na kivuli hicho kipo kila mwaka. Binti, mwaka jana mwezi kama huu ulikuwaje?

#17 BintiMwembeshauri

Mwaka jana ulikuwa kijani. Maua machache tu.

#18 NahodhaMstaafu

Hapo umenibana, Jembe. Ila mwaka jana masika hayakuwa marefu hivi. Kivuli na maji pamoja: udongo usiopigwa na jua haukauki. Nimesema.

#19 FundiWaChokaa

Na mwaka jana chokaa haikuwa mpya. Bado tunasubiri habari ya majani.

#20 BintiMwembeshauri (saa 8:35 mchana)

Samahani, nilikuwa nageuza magodoro na kupika. Nimeangalia kwa makini, na kwa kweli nimezidi kuchanganyikiwa.

Majani ya chini: njano yote, yanapukutika. Majani machanga ya juu: njano, na mishipa kijani kama alivyosema Fundi. Udongo nimechimbua: juu kuna vipande vyeupe vya chokaa, chini ni unyevu, harufu ya kawaida ya udongo, hainuki tope. Nikafukua kidogo kuona mizizi. Mingine iko sawa, lakini mingine ina vifundo vidogo, kama shanga. Sijui kama ndiyo maumbile yake.

#21 MkulimaBumbwini

Majani ya chini! Njaa.

#22 FundiWaChokaa

Majani ya juu! Chokaa.

#23 MamaBustani_Kibweni

Ngojeni nyote. Hivyo vifundo ndivyo vya kuulizwa. Mwasumini hauna vifundo kwa maumbile, si kama kunde au njugu. Hiyo ni minyoo fundo, vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinaingia ndani ya mzizi na mzizi unavimba. Mzizi ukishavimba haupandishi maji wala chakula sawasawa, kwa hiyo mmea unaonyesha njaa juu na chini hata kama udongo umeshiba. Swali: pahali hapo uliwahi kupanda nyanya, bamia au bilingani?

#24 BintiMwembeshauri

Nyanya, mwaka jana wakati wa vuli. Zilitoka vizuri mwanzo, kisha zikanyauka kabla ya kuiva. Nilidhani ni jua la kaskazi.

#25 MamaBustani_Kibweni

Ndiyo hao. Walianzia kwenye nyanya, wakahamia. Mie nilipoteza bamia shamba zima kwa namna hiyo na niliambiwa ni uchawi wa jirani. Jirani yule tuliacha kusalimiana miezi 4, mpaka nilipong'oa mche mmoja nikaona vifundo mwenyewe. Nilikwenda kumwomba radhi na mkungu wa ndizi.

Mwasumini wenyewe hutautibu leo. Upe mboji nyingi, minyoo haipendi udongo wenye uhai mwingi. Pahali pa nyanya pafunike nailoni nyeupe inayopitisha mwanga wakati wa kaskazi, jua liuchome udongo wiki sita. Na usihamishe udongo huo kwenda kwengine, hata ule wa kwenye jembe. Lioshe.

#26 JembeLaMpini

Kama ni minyoo, kwa nini mwezi wa nne ulikuwa kijani? Nyanya zilikuwa vuli, tangu mwaka jana.

#27 MamaBustani_Kibweni

Kwa sababu mmea wenye nguvu unavumilia mpaka linapokuja jingine.

#28 JembeLaMpini

Basi hilo jingine ni nini? Ni maji. Tumerudi kwangu.

#29 MzeeWaMakunduchi

Nawasikiliza tangu asubuhi. Wazee wetu walihesabu siku kutoka Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, kumi kumi, ndiyo miongo, na kila mwongo ulikuwa na kazi yake: wa kupanda, wa kupalilia, wa kwenda bahari. Sasa tuko miongo ya mwisho, mwaka unakaribia kogwa mwezi ujao. Mimea ya harufu kipindi hiki kusi likianza kuvuma hupumzika. Asumini, mlangilangi, yote. Mwacheni mtoto asifukue mizizi. Fukua nyingi ndiyo iuayo.

#30 Skuli_ya_Viumbe

Shikamoo mzee. Kupumzika ni kuacha maua. Majani kupukutika kwa mwasumini si mapumziko.

#31 MzeeWaMakunduchi

Marahaba. Wangu hupukutika kila kipupwe na kila vuli hurudi. Una miaka 30 hivi.

#32 Mpemba_wa_Wete

Mzee kasema. Nyie mnaojua masika marefu, babu yangu alikuwa akisimulia alichosimuliwa cha kimbunga cha 1882, kilichovunja mikarafuu yote ya Unguja. Ndipo Pemba ikawa Pemba.

#33 NahodhaMstaafu

Ni 1872, mwezi wa Aprili, zama za Seyyid Barghash. Mikarafuu mingi ya Unguja iliangamia, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mengine umesema sawa.

#34 Mpemba_wa_Wete

Miaka 10 tu umenidai, nimelipa.

#35 Ughaibuni_Leicester

Nahodha, shukrani kwa somo la kusini na kaskazini. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia dada yangu Jang'ombe ahamishe mirihani yake. Hapa kwetu mwezi huu mchana unapita saa 16, jua linatua watoto wameshalala. Lakini halina harufu. Sijui niseme vipi. Jua la kwetu baada ya mvua lina harufu ya udongo na ya kuta zinazokauka. Dada, ukiweza weka picha ya kamba ya shuka.

#36 Shoga_wa_Mpendae

Na anua magodoro kabla ya saa kumi na moja. Umande ukiyakuta kazi yako yote ya leo imekwenda bure.

#37 BintiMwembeshauri (saa 12:40 magharibi)

Nimeanua. Sufi imefura, mito imekuwa mipya. Nimefukiza ubani vyumba vyote na kabati limefungwa likiwa halina uvundo hata chembe. Picha ya shuka nimeiweka chini, Ughaibuni, ni ya saa tisa zikipeperuka.

Mwasumini nimefanya hivi. Nimekwangua udongo wa juu wote wenye chokaa, ndoo mbili, nikautupa mbali. Nimepasua mfereji mdogo. Nimetia samadi na mboji, jivu sikutia. Jembe nimeliosha. Shina sikuligusa tena, Mzee, nimekusikia.

Kisha nimekata vitawi 6 kwenye matawi yenye uhai zaidi, nimeviweka kwenye makopo yaliyosuguliwa, kwa udongo mpya wa kinongo alioniletea jirani kutoka Kizimbani. Viwili nimeviweka mbele kaskazini juani, viwili pale pale nyuma kivulini, viwili nimevitia kijiko cha unga wa chokaa makusudi, navyo pia viko mbele. Vikifa vyote sita nitalia. Lakini hata kimoja kikishika, wa mama upo.

#38 FundiWaChokaa

Vile viwili vya chokaa vitakuwa njano kabla ya mwezi kwisha. Niandikieni.

#39 MkulimaBumbwini

Umesahau cha njaa. Ulipaswa uweke viwili kwenye mchanga mtupu.

#40 MamaBustani_Kibweni

Na viwili kwenye udongo wa nyanya. Usifanye lakini!

#41 Shoga_wa_Mpendae

Kikishika kimoja changu. Nitakupa mpachori.

#42 BintiMwembeshauri

Nimekuandikia jina kwenye kopo.

#43 Mpemba_wa_Wete (saa 1:25 usiku)

Huku Wete wingu limefunga upande wa bahari na upepo umegeuka. Majamvi 9 yameingia, bado 5. Nakwenda.